Pedali ya gita: Faida iko kwenye kupima, si kulehemu

WAPIGA magitaa katika nchi nyingi bado wanaitafuta ile sauti ya kukwaruza iliyovuma katika muziki wa miaka ya 1960. Kifaa kinachoitoa, yaani pedali ya fazi, kinaweza kutengenezwa na fundi redio wa kawaida mezani kwake. Hata hivyo, fundi asiyefanya hesabu vizuri anaweza kula hasara kwa sababu ya kipuri kimoja tu: transista.

Pedali ya aina hii iliingizwa sokoni na kampuni ya Gibson ya Marekani mwaka 1962 kwa jina la Maestro. Mwaka 1966 kampuni ya Arbiter ya London ikatoa Fuzz Face, ambayo Jimi Hendrix aliipatia umaarufu mkubwa. Ndani yake mna transista mbili, rezista nne, kapasita tatu na volyumu mbili, na inatumia betri ya volti tisa.

Transista za mwanzo zilikuwa za jemani, aina ambayo viwanda vikubwa viliacha kuitengeneza kwa wingi. Zinazouzwa leo ni akiba za zamani, na nyingine huvujisha umeme. Tuchukulie fundi amenunua 20 kwa Sh2,000 kila moja, jumla Sh40,000. Zikifaa nane tu, kila moja imemgharimu Sh5,000. Pedali moja inahitaji mbili, yaani Sh10,000. Akipanga bei kwa kuhesabu Sh4,000, anapoteza Sh6,000 kwa kila pedali.

Jinsi ya kupima

Mita ya kawaida hudanganya, kwani huhesabu uvujaji kama uwezo wa kukuza. Njia rahisi ni kuunga emita kwenye chanya ya betri, na kolekta kwenye hasi kupitia rezista za ohm 2,200 na 270 zilizofuatana. Volti zinazosomeka juu ya rezista hizo, beisi ikiwa wazi, ni za uvujaji. Kisha beisi iungwe kwenye hasi kwa rezista ya ohm milioni 2.2. Ikisoma 0.20 mara ya kwanza na 1.10 mara ya pili, tofauti ni 0.90, yaani transista inakuza mara 90, si 110.

Transista ya kwanza inafaa ikiwa na 70 hadi 80, na ya pili 100 hadi 130. Fundi asipime mara tu baada ya kuishika, kwa kuwa joto la vidole huongeza uvujaji. Wakati wa kulehemu, aushike mguu kwa koleo ili joto lisipande.

Ikigoma

Pedali isipotoa sauti, kwanza akague betri. Katika pedali hii, chanya ndiyo inayoungwa na bodi, kinyume cha vifaa vingi. Ndiyo maana haifai kutumia adapta moja na pedali nyingine, kwani umeme unaweza kupiga shoti. Aangalie pia kama kapasita hazikugeuzwa.

Sauti ikikatika katika kama ya betri inayokufa, apime kolekta ya transista ya pili. Inapaswa kuwa karibu volti 4.5 kutoka kwenye bodi. Ikiwa mbali na hapo, rezista ya ohm 8,200 ibadilishwe kwa ile ya kurekebishwa hadi volti zikae sawa.

Joto nalo ni adui. Pedali iliyorekebishwa asubuhi yenye ubaridi inaweza kuharibika sauti jukwaani mchana wa jua kali, na mteja akarudi kudai fedha zake. Kwa anayeanza na mtaji mdogo, ni vyema atumie transista za silikoni kama BC108. Sauti yake ni kali zaidi, lakini hazisumbuliwi sana na joto.

Aidha, redio za transista za miaka ya 1960 zilizoachwa darini zina jemani ndani yake. Mwenye nayo asiitoe kwa wanunuzi wa chuma chakavu kabla fundi hajaifungua na kupima kilichomo.