Fidia Isimngoje Mkosaji

Mwaka 2015 watoto 28 wa Akichelesit, Teso Kaskazini, kaunti ya Busia, walilemaa baada ya kudungwa sindano katika zahanati ya kijijini. Haikuwa chanjo. Ilikuwa dawa ya malaria, na lawama ziliangukia namna ilivyodungwa. Takoni hupita mshipa mnene wa fahamu unaoshuka mguuni. Sindano ikiujeruhi, mguu huweza kupooza. Ndiyo maana chanjo nyingi za mtoto mchanga hudungwa pajani, upande wa nje. Kisheria, tofauti kati ya sindano hiyo na chanjo ni kubwa. Sindano iliyodungwa vibaya ina mtu wa kuwajibishwa, lakini chanjo inaweza kuwa salama, muuguzi akafuata kila utaratibu, na bado, kwa nadra sana, mtoto akadhurika. Hapo hakuna mzembe, ilhali sheria ya madai inamtaka mlalamikaji athibitishe uzembe.

Mzazi wa Malaba, mji wa mpakani na Uganda, aliye katika hali hiyo atahitaji wakili, daktari bingwa wa kutoa ushahidi, na haraka: madai ya aina hii dhidi ya serikali hufunguliwa ndani ya miezi 12. Hata pale sheria inapomwongezea mtoto muda, kumbukumbu za zahanati hazingoji. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa haki ya afya, na cha 23 kinairuhusu mahakama kuamuru fidia, lakini bado mzazi atalazimika kuonyesha kwamba ugonjwa umetokana na chanjo, wala haukufuatana nayo tu.

Kwa hiyo Kenya inahitaji mfuko wa kudumu unaolipa bila kumsaka mkosaji. Wakati wa korona, mpango wa Covax wa kugawa chanjo za ugonjwa huo uliweka mfuko kama huo kwa nchi na maeneo 92, Kenya ikiwemo. Mwombaji hakulazimika kuthibitisha uzembe wa yeyote. Lakini chanjo za surua na polio hazikuguswa. Wapo wanaohofia kwamba fidia itawatisha wazazi. Ujerumani ina utaratibu huu tangu 1961, Uingereza tangu 1979, na zote zinaendelea kuchanja. Kinachotisha ni mtoto kulemaa huku ofisi zimenyamaza, uvumi ukavuka mpaka hadi Uganda. Na pesa? Marekani hutoza senti 75 za dola kwa kila ugonjwa unaokingwa na dozi. Sisi tungeanza na kidogo zaidi, jopo la madaktari likipima madai ili kila homa isigeuzwe hundi.

Kwa sasa, mzazi atunze kitabu cha kliniki, aulize namba ya toleo la chanjo, na asisitize taarifa ifikishwe Bodi ya Dawa na Sumu mapema, kabla chupa hazijatupwa.