Lori kujua mahali lilipo: kazi huanzia ndani ya Linux

Chombo cha kupokea ishara za satelaiti kikifungwa kwenye lori, kompyuta yake inayotumia Linux haitakitambua bila draiva, programu ya kukiongoza. Toleo la 4.19 la Linux, la mwaka 2018, lilileta sehemu maalum ya vyombo hivyo. Kikitambuliwa, huonekana kwa jina /dev/gnss0.

Habari za mahali zinaweza kisha kupitia mtandao wa CAN, nyaya mbili zinazounganisha pia injini na breki. Kasi lazima ilingane na ya vyombo vingine: malori mengi hutumia biti 250,000 au 500,000 kwa sekunde. Ikikosewa, mawasiliano ya wote yanaweza kuvurugika. Kwa hiyo fundi mwangalifu husikiliza kwanza, bila kutuma kitu, na lori likiwa limesimama.