Masikio ya Sungura Mchanga: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa

Mnunuzi anayelipa bei ya juu ili apate sungura wa masikio ya kulala mara nyingi hulipia kitu ambacho bado hakijaonekana. Sungura wa kila aina huzaliwa akiwa hana manyoya, macho yamefumba, na masikio yake ni mafupi, yamebanwa nyuma ya kichwa, matundu yakiwa yamezibwa. Baada ya wiki moja na ushei matundu hayo hufunguka, kisha masikio huanza kuinuka. Huinuka hata kwa wale ambao baadaye yatalala. Kwa sababu hiyo, sungura wa wiki nne aliyesimamisha masikio anaweza kuwa wa masikio ya kulala kweli, na anaweza asiwe. Muuzaji mwaminifu na muuzaji mjanja humwonyesha mteja mnyama yuleyule.

Kinachobadilika ni ukuaji wenyewe. Katika miezi ya mwanzo masikio hurefuka upesi kuliko kichwa, ndiyo maana sungura mchanga huonekana kana kwamba ni masikio matupu. Sikio hushikiliwa na gegedu, ile tishu ngumu kiasi, inayopindika kama ya ncha ya pua. Kwa sungura wa kawaida gegedu la shina la sikio huwa imara na hubeba uzito unaoongezeka. Kwa aina za masikio ya kulala, kama Holland Lop na French Lop, shina hilo lina sehemu dhaifu. Sikio likishakuwa refu na zito, hupinda hapo na kuanguka. Kwa kawaida jambo hili hutokea kati ya wiki ya nne na ya kumi na mbili, ingawa wengine huchelewa. Katika kipindi hicho si ajabu sikio moja kulala asubuhi na kusimama jioni, au yote mawili kutanda pembeni kama mabawa. Huo si ugonjwa, wala si dalili kwamba mnunuzi amedanganywa.

Hata hivyo, wapo ambao masikio yao hayalali kamwe. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1868 kuhusu wanyama na mimea inayofugwa na kupandwa, alieleza kwamba wazazi wenye sikio moja tu lililolala huweza kuzaa watoto wa masikio yote mawili yaliyolala, karibu sawa na wazazi waliokamilika. Lakini wazazi wote wawili wakiwa na masikio yaliyosimama, matumaini ni madogo mno. Ushauri wetu unafuata hapo: omba kuwaona wazazi wa mtoto unayemnunua, au angalau mama, ambaye hapaswi kuwa mbali ikiwa mtoto ametoka kuachishwa kunyonya. Muuzaji asiyeweza kumwonyesha hata mmoja wao hana msingi wa kudai bei ya ziada.

Rangi nayo huleta malalamiko. Sungura aina ya California huzaliwa mweupe, na weusi wa masikio, pua, miguu na mkia hujitokeza baadaye, kwa kuwa chembe zinazotengeneza rangi hiyo hufanya kazi kwenye sehemu za mwili zilizo na ubaridi zaidi. Anayefugwa kwenye joto la Dar es Salaam anaweza kuwa na masikio hafifu kuliko ndugu yake aliyepelekwa Njombe.

Mabadiliko yanayohitaji daktari wa mifugo ni ya namna nyingine. Sikio lililosimama kwa miezi kadhaa kisha likaanguka ghafla, hasa upande mmoja, si la kungojea. Vivyo hivyo sungura akitikisa kichwa mara kwa mara, akijikuna, akitoa harufu mbaya sikioni au akiinamisha kichwa upande mmoja. Magamba mazito ya rangi ya kahawia ndani ya sikio kwa kawaida ni kazi ya utitiri. Usiyabandue, kwa kuwa chini yake ni kidonda kibichi, na usimimine mafuta ya taa. Wenye masikio ya kulala wachunguzwe kila wiki, kwa sababu mfereji wa sikio lao ni mwembamba na uchafu hautoki kwa urahisi.

Usiyafunge masikio, usiyaning'inizie kitu, wala usiyavute ili yalale. Na muuzaji anayemwinua sungura kwa masikio mbele yako, kama inavyoonekana katika baadhi ya masoko, anakuonyesha pia jinsi alivyowatunza wengine waliobaki bandani.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi kuhusu anachomuuzia. Ili sheria hiyo ikusaidie, dai risiti yenye tarehe ya kuzaliwa ya sungura, aina aliyotajiwa, hali ya masikio ya wazazi, na maneno ya wazi ya mlichokubaliana endapo masikio hayatalala. Hifadhi pia tangazo na ujumbe wa simu mliotumiana, na umpige picha sungura siku unayomchukua, masikio yakionekana vizuri kutoka mbele.