Jua Tunalo, Mbona Mtoto Apate Matege?

Katika kikao kimoja cha kamati ya usharika, mzee wa kanisa aliniuliza swali lililowachekesha wajumbe wote: "Mratibu, hapa Dodoma tunalalamikia jua mwaka mzima. Mtoto wa hapa atakosaje vitamini ya jua?" Swali hilo ni zuri. Jibu lake linagusa namna tunavyolea watoto wetu, na pia namna tunavyotumia fedha za wahisani.

Vitamini D na kazi yake

Vitamini D huuwezesha mwili kunyonya kalsiamu, madini yanayojenga mifupa na meno. Sehemu kubwa mwili hujitengenezea wenyewe ngozi inapopigwa na jua. Chakula huchangia kidogo, hasa samaki wenye mafuta, kiini cha yai na maini. Inapopungua, mifupa ya mtoto anayekua hubaki laini na kupinda. Huo ndio ugonjwa wa matege. Dalili zake ni miguu kupinda, vifundo vya mikono kuvimba, utosi na meno kuchelewa, na mtoto kuchelewa kutembea.

Ifahamike kuwa miguu ya watoto wengi walio chini ya miaka 2 hupinda kidogo na baadaye hunyooka yenyewe. Aidha, maji yenye floridi nyingi, tatizo linalojulikana Arusha, Manyara na Singida, nayo huweza kupindisha mifupa. Kwa hiyo mtoto mwenye dalili hizi apelekwe hospitali akapimwe. Hajarogwa, na mama yake asilaumiwe.

Ugonjwa huu hauishii miguuni. Mwaka 1997 ulitolewa utafiti uliofanyika Addis Ababa, Ethiopia, mji wa nyanda za juu wenye jua kama sisi. Kati ya watoto 500 waliolazwa kwa nimonia, 210 walikuwa na matege. Kati ya watoto 500 wasio na nimonia, wenye matege walikuwa 20 tu. Mifupa laini ya kifua na kinga dhaifu humfanya mtoto ashindwe kupambana na kichomi.

Jua letu linatosha

Mwaka 2012 watafiti walichapisha vipimo vya damu vya Wamasai na Wahadzabe 60 wa hapa Tanzania, watu wanaoshinda nje kutwa. Wastani wao wa vitamini D ulikuwa nanomoli 115 kwa lita. Wataalamu huhesabu kuwa ni upungufu kiwango kikiwa chini ya 30. Basi jua si tatizo. Swali ni kama linamfikia mtoto.

Watoto walio hatarini

1. Wanaofungiwa ndani. Mtoto mchanga hukaa ndani hadi arobaini, na wengine huendelea kukaa hata baada ya hapo. Nyumba za tembe zina giza. Mjini nako, hasa tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, wazazi wengi huenda kazini na kumwacha mtoto ndani ya geti na dada wa kazi. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halisaidii. Nairobi nako, pamoja na jua lake, watafiti wamekuta matege ya upungufu wa vitamini D katika makazi yasiyo rasmi.

2. Wanaofunikwa mno. Upepo wa baridi wa Juni na Julai hutufanya tumfunge mtoto nguo hadi usoni. Ngozi nyeusi pia huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko nyeupe.

3. Wanaonyonya kwa mama mwenye upungufu. Maziwa ya mama ni chakula bora na yasiachwe, lakini vitamini D yake ni kidogo. Watoto njiti wako hatarini zaidi.

4. Wanaokula nafaka tupu. Huko Jos, Nigeria, matokeo ya mwaka 1999 yalionyesha kuwa watoto wengi wenye matege walikosa kalsiamu zaidi kuliko vitamini D. Uji na ugali wa mahindi, mtama au uwele bila maziwa wala dagaa huweza kuleta hali hiyo.

5. Watoto wenye ulemavu wanaofichwa, na wanaotumia baadhi ya dawa za kifafa kwa muda mrefu. Dawa zisikatizwe, daktari aulizwe.

Angalizo: mtoto mwenye ualbino asiwekwe juani. Ngozi yake huungua upesi na saratani ni hatari halisi kwake. Ushauri wake utoke kwa daktari.

Tufanye nini?

Mtoto atolewe nje asubuhi, saa tatu au saa nne, kwa dakika 10 hadi 15 kila siku, uso, mikono na miguu vikiwa wazi. Asianikwe jua la saa sita. Uji uongezewe maziwa, dagaa waliosagwa na mifupa yake, au unga wa ubuyu, ambao mibuyu yetu inatupatia bila gharama kubwa.

Kamati za sharika zinaombwa kuhakikisha kuwa madarasa ya chekechea yana uwanja wa kuchezea, na wazee wa mitaa watembelee nyumba zenye watoto wasioonekana nje. Mtoto aliyefichwa hatapata jua, kliniki wala shule.

Kwa wahisani wetu: matege yakigunduliwa mapema hutibiwa kwa vitamini D na kalsiamu. Yakiachwa, mtoto huweza kuhitaji upasuaji. Mbuzi wa maziwa kwa kaya, au nauli ya mama kwenda hospitali ya wilaya, ni msaada mdogo unaozuia gharama kubwa.

Mzee wetu alisema kweli: jua tunalo. Kilichobaki ni kumfungulia mtoto mlango.