Daktari Mukwege, siasa na deni la Bogoro

Bogoro iko kilomita zipatazo 25 kutoka Bunia, kwenye barabara inayoteremka kwenda Kasenyi na Ziwa Albert. Alfajiri ya tarehe 24 Februari 2003 wapiganaji waliivamia. Raia wengi waliuawa, wakiwemo waliokuwa wamekimbilia ndani ya majengo ya shule. Kwa ajili ya siku hiyo moja, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko La Haye ilimhukumu Germain Katanga kifungo cha miaka 12, mwaka 2014. Mathieu Ngudjolo, aliyeshtakiwa pamoja naye, alikuwa ameachiwa huru Desemba 2012.

Lakini vita vya Ituri havikuanza siku hiyo. Vilianza mwaka 1999, na mahakama ya La Haye haina ruhusa ya kugusa makosa yaliyotendwa kabla ya tarehe 1 Julai 2002. Aliyepoteza watu wake mwaka 2000 au 2001 hana mlango wa kubisha kule. Hapo ndipo Daktari Denis Mukwege anapowahusu watu wa Ituri, ingawa yeye ni mtoto wa Bukavu.

Mukwege, aliyezaliwa 1955, alisomea udaktari Burundi, kisha magonjwa ya akina mama huko Angers, Ufaransa. Oktoba 1996 hospitali ya Lemera, Kivu Kusini, aliyokuwa akiiongoza, ilishambuliwa, na wagonjwa wakauawa vitandani pamoja na wauguzi. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi ili akina mama wajifungue salama. Mgonjwa wake wa kwanza hakuja kujifungua: alikuwa mwanamke aliyebakwa kisha akapigwa risasi. Upasuaji wa majeraha ya namna hiyo ukawa elimu yake, na mwaka 2015 Chuo Kikuu Huria cha Brussels kilimpa shahada ya udaktari wa falsafa kwa utafiti wake juu ya fistula. Tuzo ya Nobel ya Amani ilifuata mwaka 2018, pamoja na Nadia Murad.

Kwa nini mtu wa namna hiyo aingie siasa? Yeye mwenyewe amesimulia mara nyingi: alimtibu mama, baadaye akaletewa binti wa mama yuleyule. Akaona kwamba dawa ya jambo hili haiko kwenye chumba cha upasuaji. Akishika ile ripoti ya Umoja wa Mataifa iitwayo Mapping, iliyotolewa Oktoba 2010 na kuorodhesha matukio 617 ya kati ya 1993 na 2003, Ituri ikiwemo, akadai mahakama maalum kwa ajili ya Kongo. Huko Oslo aliwaambia wakubwa wa dunia kwamba ripoti hiyo inaoza ndani ya droo New York.

Tarehe 2 Oktoba 2023, huko Kinshasa, alitangaza kuwania urais. Wafuasi wake walimchangia pesa ya dhamana. Kura zilipohesabiwa, alipata asilimia 0.22, yaani karibu kura elfu 40 nchi nzima; Félix Tshisekedi alitangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 73. Mukwege na wapinzani wengine waliyakataa matokeo hayo na kudai uchaguzi ufutwe.

Wizi wa kura pekee, kwa maoni yangu, hauelezi pengo kubwa hivyo. Daktari alichelewa kuingia, bila chama chenye mizizi mitaani, wakati wenzake walikuwa na wagombea ubunge katika kila kona wakiwatafutia kura. Sifa ya Oslo haifiki Irumu kwa pikipiki.

Hata angeanzia chini, kwenye siasa za jimbo, hapa Ituri angekuta mlango umefungwa. Tangu Mei 2021 jimbo liko chini ya utawala wa kijeshi, gavana ni jenerali, na bunge la jimbo lilisimamishwa.

Bogoro yenyewe ilipata kitu kutoka La Haye. Mwaka 2017 majaji waliwatambua waathirika 297, kila mmoja akapewa dola 250, pamoja na msaada wa nyumba, masomo, kazi za kuingiza kipato na matibabu ya kisaikolojia. Mwaka 2024 zoezi hilo lilitangazwa kumalizika. Ile mahakama maalum anayoidai Mukwege kwa wengine wote bado haijaundwa.