Kihispania cha kidato cha sita: mtaji tunao tayari

Wanachuo wenzangu, sangara wanaokatwa minofu viwandani hapa Mwanza, wakifika Hispania huuzwa kwa jina la perca del Nilo. Kihispania ni mojawapo ya lugha rasmi za Umoja wa Afrika, sawa na Kiswahili chetu. Lakini mtu akisema anataka kukisoma kwa kina, huambiwa: "Lugha ngumu hiyo, kwanza Kiingereza kikae sawa." Mimi nilisoma HKL, na sasa najisomea Kihispania jioni baada ya vipindi. Kwa niliyoyaona, kauli hiyo haina mashiko.

Tuanze na kinachodaiwa. Kule Uingereza, ulikotoka mfumo wetu wa kidato cha tano na sita, mwaka 2019 Kihispania kilikipita Kifaransa kwa idadi ya watahiniwa wa ngazi hiyo. Mtahiniwa husikiliza, husoma, hutafsiri, huandika insha juu ya kitabu au filamu, kisha huzungumza kuhusu utafiti mdogo alioufanya mwenyewe. Kitabu kinachosomwa sana ni tamthiliya ya Federico García Lorca, La casa de Bernarda Alba, inayohusu mama aliyewafungia binti zake watano ndani kwa ajili ya matanga. Aliyepita HKL hapo hababaiki: dhamira, wahusika, migogoro, ujumbe. Kazi ni ileile.

Sasa sarufi, ambayo ndiyo inayotisha watu. Irabu ni tano, a, e, i, o, u, na husomeka karibu kama zetu. Herufi ñ ni "ny" ya nyumba. Kiwakilishi si lazima kitajwe, maana kitenzi chenyewe kinamtaja mtenda: hablas ni "unasema", basi.

Mzungumzaji wa Kiingereza huhangaika na vitenzi viwili vya "kuwa", ser na estar. Sisi tunasema "Mwanza ni jiji" lakini "Mwanza iko kando ya ziwa". Kihispania nacho hutenganisha: Mwanza es una ciudad, lakini Mwanza está junto al lago. Havilingani kila mahali, ila mlango umeshafunguka.

Halafu kuna hali tegemezi, mada inayowatoa jasho watahiniwa wa ngazi hii. Sisi "unasema" tunaigeuza kuwa "nataka useme": a ya mwisho inakuwa e. Kihispania: hablas, kisha quiero que hables. Nacho a imekuwa e! Ni sadfa tu, lugha hizi si ndugu, na vitenzi vya -er na -ir hufanya kinyume, e inakuwa a. Lakini ile hisia ya lini ugeuze kitenzi, baada ya kutaka, kuomba au kuamuru, tumekua nayo tangu utotoni. Ukipitia Kiingereza unaipoteza njiani, halafu unaanza kukariri sheria upya.

Si kwamba kila kitu ni mteremko. Kihispania kina jinsi mbili za nomino, na zina vituko: la mano, "mkono", ni ya kike japo inaishia na o, na el problema ni ya kiume japo inaishia na a. Hata hivyo, anayesema "viti vyekundu vimevunjika" bila kufikiri hawezi kushangazwa na las sillas rojas están rotas. Upatanisho wa kisarufi tumeuzoea, na ngeli zetu ni nyingi kuliko hizo mbili.

Kwa hiyo ukiamua kuanza, usitegemee desa la Kiingereza peke yake. Chukua daftari, gawa ukurasa mara mbili, Kihispania kushoto, Kiswahili kulia, uandike sentensi nzima nzima. Na siku tahasusi za lugha zikijadiliwa tena, tuwe na hoja hii mkononi: mwanafunzi wa Kiswahili hafiki kwenye Kihispania mikono mitupu.