Kwa nini mchezaji anakimbia mwenyewe wakati hujagusa padi

Umeachia padi, lakini mshambuliaji wako anazidi kukimbilia kona. Kwenye vibanda vya gemu hapa Arusha, iwe Ngarenaro au Sombetini, ugomvi huanzia hapo: aliyefungwa anadai mechi irudiwe, mwenye kibanda anataka hela yake.

Si uchawi. Chini ya kile kijiti cha kidole gumba kuna vihisi viwili, kimoja cha kushoto na kulia, kingine cha mbele na nyuma. Ndani ya kila kimoja, ulimi mdogo wa chuma husugua utepe wa kaboni. Kwa kusuguliwa kutwa, kaboni inalika, na padi inadhani kijiti kimesukumwa kumbe kimetulia. Vumbi letu la kiangazi linazidisha. Hata Joy-Con za Nintendo Switch, iliyotoka 2017, zilisumbua hivyo hivyo, mpaka rais wa kampuni akaomba radhi mwaka 2020.

Kabla ya kununua padi mpya, izime, puliza vumbi, dondoshea spiriti kidogo ya asilimia 90 au zaidi (ile ya 70 ina maji mengi), zungusha kijiti, kisha iache ikauke kabisa. Mafuta usiweke, yananasa vumbi.

Tatizo likirudi baada ya siku chache, kaboni imekwisha. Tafuta fundi simu anayejua kulehemu, abadilishe kijiti kizima. Muulizie vijiti vya sumaku: vihisi vyake havisuguani, na Sega waliviweka kwenye Dreamcast tangu 1998. Kwa padi inayochezewa asubuhi hadi usiku, mimi ningechagua hivyo.